UZI: Msafara wa mashabiki kwenda fainali nje ya nchi, kuanzia Kange (stendi ya mabasi ya Tanga) mpaka jukwaani na kurudi

#1 Mgosi_wa_Kange

Wagosi, salaam. Yanga walicheza fainali ya Shirikisho Afrika 2023, Simba wakacheza ya 2025, na AFCON ya 2027 inachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Safari za mashabiki kuvuka mpaka zitazidi tu, na sisi wa Tanga mpaka wa Kenya pale Horohoro uko kilomita sitini na kitu, tunafika chai haijapoa. Naweka hapa taratibu za basi moja kwenda fainali Nairobi. Wajuzi wasahihishe.

Ninachosema mimi ni kwamba wengi wanaoitwa wahuni ugenini ni watu waliobanwa mkojo, hawajala, simu imezima chaji na tiketi iko ndani ya simu. Mpe mtu huyo geti lililofungwa, uone. Yote hayo hutibiwa Tanga, kabla dereva hajawasha gari.

Anza na orodha. Abiria 48, vikundi vinne vya 12, kila kikundi na msimamizi wake anayekaa nao viti vya karibu. Kuhesabu watu 48 basi zima kila mkisimama ni kazi ya dakika kumi na bado mtakosea. Msimamizi akihesabu 12 zake na kuinua mkono, dakika moja mmemaliza. Orodha iwe na jina kama lilivyo kwenye pasi (si la mtaani, "Babu Dulla" Uhamiaji hawamjui), namba ya pasi, namba ya simu ya mtu wa nyumbani, na ugonjwa au dawa anayotumia. Nakala nne: mkuu wa msafara, dereva, mtu anayebaki Tanga, na moja ndani ya bahasha ya kupeleka ubalozini mkipatwa na jambo. Tanzania ina ubalozi Nairobi na ubalozi mdogo Mombasa, namba zao ziandikwe nyuma ya orodha.

Hati: pasi ya kusafiria, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA hakivushi mtu. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda ndio wanaovuka wao kwa wao kwa vitambulisho, sisi hatumo kwenye mpango huo, na kila msafara una mmoja anayebisha hili mpaka afike dirishani. Msafara mzima unamsubiri yeye, hasira zinaanzia hapo.

Kadi za njano ziwe mbili. Ya chanjo ya homa ya manjano ni ya abiria, ya bima ya COMESA ni ya basi. Ukikosa moja umetolewa kabla mpira haujaanza. Basi la kukodi pia liwe na kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha kuvusha abiria. Msikubali kauli ya "tutaongea nao huko mbele".

#2 mdigo_wa_duga

Mgosi umesema vizuri, naongeza ya mpakani.

Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania husimami upande wetu, unapita moja kwa moja hadi jengo la Kenya, na ofisa wa Tanzania anayekugongea muhuri wa kutoka yuko humo humo na yule wa Kenya wa kukuingiza. Madirisha mawili, foleni moja. Wageni hugongewa muhuri dirisha la kwanza wakarudi garini wakidhani wamemaliza. Huyo siku ya kurudi ana pasi inayoonyesha alitoka Tanzania na hakuwahi kuingia popote. Msimamizi aangalie mihuri miwili kwenye kila pasi kabla mtu hajapanda.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa Kenya tangu Agosti 2017, adhabu inafika shilingi milioni 4 za kwao au kifungo cha miaka minne. Kwetu ni marufuku tangu Juni 2019, lakini mtu ana kamfuko kake ameficha viatu ndani. Kakaguliwe Kange.

Machungwa ya Muheza yaliwe kabla ya Duga. Matunda mabichi wakaguzi wa mimea wanaweza kuyazuia, na hata yakipita, getini uwanjani chungwa zima linahesabiwa kitu cha kurushwa.

Kubadili fedha: dukani au benki, si kwa kijana anayekimbia na basi. Akishakupa noti akazichukua tena "azihesabu upya", ujue zimepungua. Ugomvi wa pesa mpakani ndio unaoharibu safari mapema kuliko jambo lolote.

#3 BintiChumbageni

Mmeandika kama basi lina wanaume watupu.

Suala la kuchimba dawa. Kwetu dereva anasimama porini, wanaume kushoto wanawake kulia, maisha yanaendelea. Kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi usifanye hivyo: ni kosa, kuna makazi, na malori yanapita yameshikana mkia kwa kichwa. Simameni vituo vya mafuta, na mpange muda kwa hesabu ya wanawake. Wanawake 20, vyoo viwili, dakika tatu kila mmoja, ni nusu saa. Mkuu wa msafara akitangaza "dakika kumi tu" amewatangazia wanawake wajizuie, au basi liondoke limemwacha mtu nyuma. Semeni dakika 40, na wanawake washuke wa kwanza. Vituo vitatu vinatosha: Mombasa au Mariakani, Voi, Mtito Andei.

Mikanda ya viti: Kenya kila abiria anafunga. Viti visivyo na mkanda vionekane siku mnalikagua basi, sio mkisimamishwa.

Anayesafiri na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mwingine hayumo safarini, barua yake ya ridhaa. Na mtoto awe na namba ya simu ya msimamizi imeandikwa kwa kalamu ya wino mkononi, upande wa ndani, sio karatasi mfukoni.

Msimamizi mmoja kati ya wale wanne awe mwanamke. Hili mgosi hakulitaja.

#4 Mgosi_wa_Kange

@BintiChumbageni kweli dada, nimepitiwa. Na wa kwenye kikundi cha nyuma ndiye awe mwanamke, maana nyuma ndiko kunakoanza maneno machafu.

#5 Mwalimu_wa_Pongwe

Saa. Tiketi ikiandikwa 19:00 ni saa 1 usiku. Kila mwaka kuna mtu anayesoma "saba" na kufika saa 7 mchana akaanza kuzozana na walinzi, au mbaya zaidi anasoma 16:00 akadhani ni usiku. Msimamizi aandike saa za Kiswahili kwenye kundi la WhatsApp mara tatu: saa ya kuondoka hotelini, saa ya geti kufunguliwa, saa ya mpira. Morocco na Algeria wako nyuma yetu saa mbili kwa kawaida, kwa hiyo simu iachwe ijibadilishe yenyewe, msibadilishe kwa mkono nusu ya kundi.

Tanga–Nairobi kwa Mombasa ni karibu kilomita 670. Ukitoka saa 11 alfajiri, ukiweka mpaka, vituo na malori ya Mombasa, utafika saa 2 usiku kama hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo ondokeni siku moja kabla. Basi linaloondoka usiku wa kuamkia mechi linafikisha watu waliokesha, na aliyekesha hakosi la kugombania. Mombasa ulizeni kama dereva anapita feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Dongo Kundu haina kusubiri feri.

Tiketi: nyingi sasa ni za simu. Usiweke picha ya tiketi yenye ile alama ya mraba kwenye stetasi, mwingine ataikuza, ataingia nayo, na wewe ukifika mashine itasema imeshatumika. Mwangaza wa simu uwe wa juu wakati wa kuskani, kioo kilichopasuka kibadilishwe kabla ya safari. Pawabenki moja kwa watu wanne. Tiketi ziangaliwe hotelini, asubuhi ya mechi, kikundi kwa kikundi. Asiye na tiketi ajulikane hapo, na apangiwe mahali pa kutazamia pamoja na mtu wa kukaa naye. Asisogee uwanjani.

CHAN iliyochezwa Agosti 2025 inafundisha. Watu wasio na tiketi walisukuma mageti ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, CAF ikakata tiketi za mechi iliyofuata ya Kenya hadi 27,000 na kutaka za kielektroniki pekee. Wenye nia njema ndio waliokosa kuingia.

#6 Kimanumanu_damu

Mnatufanya twende fainali kama tunaenda semina 😂 Ngoma je? Moto je? Algiers wenyeji wanawasha mafataki uwanja mzima unakuwa mwekundu, na dunia inasifia.

#7 Jukwaa_la_Mkwakwani

@Kimanumanu_damu ngoma zinaingia, ila kwa utaratibu. Klabu inaandika TFF, TFF inaandikia waandaaji, mnataja idadi ya ngoma na watu wanaozibeba. Ngoma iwe wazi upande mmoja, ngozi upande wa juu tu, ili mkaguzi aone ndani. Ngoma iliyozibwa pande zote mbili inaachwa nje, na haki yao, maana humo ndimo watu huficha hayo mafataki unayoyapenda. Fimbo za ngoma mbili kwa kila mpigaji, za akiba zibaki garini. Tarumbeta waulizeni kabla.

Bendera: kwenye Kombe la Dunia mwisho ni mita 2 kwa mita 1.5, na mti usiwe wa mbao wala chuma. Kata kwa kipimo hicho uende popote. Bango kubwa lipigwe picha na kutumwa mapema pamoja na tafsiri ya maneno, maana askari asiyeelewa maandishi huyachukulia kuwa ya siasa.

Sasa moto. Fataki la mkononi linafika nyuzi zaidi ya 1,000 na halizimiki kwa maji ya chupa. Jezi zetu ni poliesta, haziungui kama pamba, zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Moshi ukishuka uwanjani refa anasimamisha mchezo, na mara nyingi timu iliyokuwa inashambulia ni yako. Kisha kuna adhabu: kanuni za nidhamu hazimtafuti Juma wa kiti namba fulani, zinaitoza klabu au shirikisho. Desemba 2024 viti viling'olewa kwa Mkapa mechi ya Simba na CS Sfaxien, na Januari Simba wakacheza na CS Constantine jukwaa tupu. Wenyeji wa Algiers wakiwasha, faini ni yao na askari ni wao. Wewe ukiwasha, askari ni wao na faini ni yetu.

Kiti nacho usikione kitu kidogo. Accra, Mei 2001, mashabiki walianza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango iliyofungwa. Walikufa zaidi ya 120.

#8 Kimanumanu_damu

@Jukwaa_la_Mkwakwani hapo kwenye poliesta umenimaliza. Moto nimeuacha. Ndumba?

#9 Jukwaa_la_Mkwakwani

Ziachwe Ngamiani. Unga usiojulikana kwenye karatasi ya gazeti, uwanja wa ndege wa watu, hakuna atakayekuuliza kama ni wa kumfunga kipa.

#10 Shehe_wa_Mnyanjani

Nyimbo na ndimi, mmepita juu juu.

Nairobi wanaelewa Kiswahili neno kwa neno, hakuna cha kujificha. Mzaha wa watani wa jadi ulivyo kwetu, wa kumzika mwenzio na jeneza la maboksi, kwa mtu asiye mtani wako ni tusi. Na Kenya kamwe msiweke jina la kabila kwenye wimbo, hata kwa sifa. Kwetu mtu akiitwa Mgosi au Mchaga anacheka. Kule makabila yamebeba uzito wa siasa.

Wengi wanadhani Kaskazini mwa Afrika wanaweza kutukana kwa raha kwa kuwa hawaeleweki. Angalieni matusi yetu yametoka wapi. Hayawani, maluuni, kafiri, haramu: Mwarabu wa Algiers au Casablanca anayasikia kama mlivyoyasema, na "kafiri" hasa linaweza kuwasha jukwaa zima. Mwenye kuongoza nyimbo apewe orodha ya maneno hayo ayafute. Kwa upande mwingine shukrani, samahani, salama, tafadhali nayo wanayaona asili yake. Tumieni hayo.

Swala: msafiri anakusanya Adhuhuri na Alasiri na kupunguza rakaa, kwa hiyo kituo kimoja kinatosha, kiwe kile kile cha chakula na vyoo. Mkiwa jukwaani Magharibi imeingia na mechi inaendelea, mnakusanya na Isha mkitoka. Msifunge njia ya ngazi kwa kuswali hapo, ni njia ya kutokea watu.

#11 Muuguzi_Makorora

Dawa za presha na sukari ziwe kwenye pakiti yake na cheti cha daktari, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini isikae buti la basi, joto la injini linaiharibu. Tramadol ya kuombwaombwa msivuke nayo. Nchi nyingi ni dawa ya kudhibitiwa, na Misri wanafunga watu kwa hiyo.

Msongamano. Watu wanne kwa mita moja ya mraba bado mnatembea. Wakifika sita au saba, miguu yako haikupeleki tena, unapelekwa. Kipimo rahisi: kama umeguswa mabega yote mawili na huwezi kuinua mkono ukajikuna pua, umechelewa, anza kutoka. Mikono iwe kifuani kama bondia, ili mbavu zipate nafasi ya kupanuka. Wanaokufa kwenye msukumano wengi hukosa pumzi wakiwa wamesimama. Songa mshazari kuelekea pembeni, umati ukitulia kidogo, usishindane nao. Simu ikianguka iache. Kandambili zisivaliwe kabisa siku hiyo, vaeni raba za kufunga kamba.

Olembé, Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, Cameroon na Comoro, walikufa watu wanane kwenye geti. Geti lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa, watu wakaendelea kusukuma kutoka nyuma bila kujua mbele hakupitiki. Aliye nyuma haoni. Kwa hiyo msimamizi mmoja atangulie mbele ya msafara na mwingine abaki nyuma, wapigiane simu. Wa mbele akisema "limefungwa", wa nyuma ageuze watu. Fikeni saa tatu kabla ya mpira, foleni ikiwa bado ni foleni.

Mara nyingi maji ya chupa hayaruhusiwi kuingia. Kunyweni nusu lita nje, halafu kanunueni ndani.

#12 mpya_wa_Raskazone

Samahani wakubwa, ile ya kusafisha jukwaa kama Wajapani mnaifanyaje? Tunataka kuiga ila mifuko imekatazwa.

#13 Mgosi_wa_Kange

@mpya_wa_Raskazone swali zuri, na jibu liko nyumbani: gunia la mkonge. Tanga hii mtu asikose gunia la katani. Manne kwa basi, moja kwa kila kikundi cha 12. Takataka za watu 12 (chupa, vikombe, karatasi za chipsi) hazijazi hata nusu ya gunia la kilo mia. Yakunjwe, yafungwe kamba, yaonyeshwe getini yakiwa matupu.

Wajapani wamekuwa wakifanya hivyo tangu Kombe la Dunia la Ufaransa 1998, na Qatar 2022 walisafisha hata mechi ya ufunguzi ya Qatar na Ecuador ambayo haikuwahusu. Siri yao wanaanza na mifuko mkononi, hawaanzi kutafuta baadaye.

Namna ya kufanya: kwanza mjulisheni mlinzi wa jukwaa, kwa sababu watu 48 wanaohamahama kwenye safu baada ya kipenga wanafanana na watu wanaotafuta shari. Anzeni safu ya juu mshuke, chupa huviringika kuelekea chini. Anayeokota asibebe gunia. Wawili wawili, mmoja na glovu. Chupa ya kioo iliyovunjika msiiguse, mwonyesheni mfanyakazi. Karatasi ndogondogo za kurusha angani msibebe kabisa toka mwanzo. Zikilowa zinaganda kwenye zege, hata ufagio hauzitoi.

Muda upo. Mashabiki wa ugenini mara nyingi huzuiwa jukwaani nusu saa au zaidi mpaka wenyeji watawanyike. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote msipokuwa na kazi.

#14 Mwalimu_wa_Pongwe

Hiyo nusu saa nataka niikazie. Chukueni mfano wa Algiers, tarehe 3 Juni 2023. Yanga walifungwa 2–1 Dar, wakaenda kushinda 1–0 ugenini. Jumla 2–2, kombe likaenda kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini: wao walifunga mawili Dar, Yanga moja Algiers. Umeshinda mechi na umekosa kombe, na mwenyeji amefungwa na anashangilia. Hapo ndipo kichwa kinachemka. Msimamizi awe ameshawaeleza kikundi chake kanuni ya mashindano kabla, kwa namba, ili mtu asianze kupiga hesabu ya dhuluma jukwaani. Kama kuna muda wa nyongeza, penalti, bao la ugenini, yote yasemwe ndani ya basi.

Celtic ya Scotland 2003 walipeleka mashabiki wanaokadiriwa 80,000 Sevilla kwenye fainali ya Kombe la UEFA, wengi mno bila tiketi, wakafungwa na Porto 3–2 muda wa nyongeza. Mashabiki hao wakapewa tuzo ya FIFA ya uungwana. Wasio na tiketi walitazamia mjini.

#15 Kimanumanu_damu

Na jezi za Simba na Yanga kwenye basi la Taifa Stars?

#16 Mgosi_wa_Kange

Zibaki nyumbani. Jezi ya Taifa peke yake. Vita ya kwanza ya msafara huwa haipigwi na wageni, inapigwa kati ya kiti cha 14 na cha 15, mahali kama Duga, kabla hata mpaka haujaonekana.

#17 mdigo_wa_duga

La kurudi mmelisahau. Mirungi Kenya inauzwa hadharani, kwetu ni dawa za kulevya. Kifungu kimoja kilichosahaulika chini ya kiti kinalaza basi zima Horohoro, na utingo ndiye wa kwanza kuulizwa. Wasimamizi wakague chini ya viti na rafu za juu mkiwa Ukunda, sio Lunga Lunga mkiwa mmeshapanga foleni.

#18 mpya_wa_Raskazone

Asanteni. La mwisho: magunia yanarudi Tanga au tunayaacha kule?

#19 Mgosi_wa_Kange

Yafungeni mdomo, mwulizeni mfanyakazi wa uwanja sehemu ya kukusanyia, mwage pale anapoelekeza. Gunia mkung'ute mrudi nalo, linanuka bia na soda siku mbili, halafu liko sawa. Bebeni kamba ya akiba, ile ya mwanzo hukatwa getini na mkaguzi na hairudishwi.